Jiwe Linalochemka na Pipa la Mafuta

Kila mwezi bei mpya za petroli na dizeli zinapotangazwa hapa Visiwani, mabarazani huzuka mjadala. Wako wanaoilaumu meli, wako wanaoilaumu dola, na wako wanaovilaumu vita vya watu wa mbali. Na aghalabu kila mmoja wao huwa na sehemu yake ya haki. Lakini katika mijadala yote tuliyopata kuisikia, hatujamsikia hata mtu mmoja akilitaja jiwe. Leo tunapenda kulizungumzia jiwe hilo, kwa kuwa ndilo linaloamua, kabla ya meli kung'oa nanga na kabla ya dola kuhesabiwa, pipa moja la mafuta ghafi litatoa petroli kiasi gani na mabaki kiasi gani. Jina lake ni zeolaiti.

Huenda msomaji akatuuliza: visiwa visivyokuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta vinahusiana nini na vichocheo vya viwanda hivyo? Jawabu letu ni kwamba yule anayenunua kila lita kwa mwenziwe ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujua kilichomo ndani ya bei. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2016 wa jana tu, Zanzibar inayo sheria yake ya utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi asilia. Na penye utafutaji wa mafuta hapapiti siku nyingi kabla hajatokea mgeni mwenye mchoro wa kiwanda mkononi. Ni vyema mgeni huyo atukute tunajua la kumwuliza.

Tuanze na jambo ambalo ndugu zetu wa Pemba wanalijua kuliko sisi. Katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, vikonyo vya karafuu hupitishiwa mvuke, mafuta yakapanda pamoja na mvuke ule, yakapozwa, kisha yakatengana na maji. Mafuta yanayotoka ni yale yale yaliyokuwamo ndani ya makonyo. Moto umeyatoa tu mahali yalipokuwa yamejificha, haukuyaumba. Kazi hiyo huitwa kukeneka, na kiwanda cha kusafisha mafuta ya petroli huanzia hapo hapo. Mafuta ghafi hutiwa moto, yaliyo mepesi yakapanda juu ya mnara na kuwa petroli, yanayofuata yakawa mafuta ya taa, kisha dizeli, na chini kabisa hubaki kitu kizito, cheusi, chenye kunata. Pipa lina lita 159. Kwa mafuta ghafi ya namna nyingi, kile kizito kinachobaki chini hukaribia nusu ya pipa zima.

Mwenye kukeneka peke yake, basi, hupewa na pipa kile ambacho pipa limependa kumpa. Akitaka petroli zaidi hana budi kununua pipa jingine, na pipa hilo nalo litampa mzigo mwingine wa mabaki.

Mwambao wetu umeyaona hayo kwa macho. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963, na kile cha TIPER, Kigamboni, kilifuata mwaka 1966. Vyote viwili vilikuwa fahari ya nchi changa, na vilifundisha kazi mafundi wengi hodari. Lakini vyote viwili vilijengwa kwa kukeneka na kusafisha, bila mtambo wa kuyavunja mafuta mazito. Sehemu kubwa ya kila pipa iliishia kuwa mafuta ya kuchomea matanuri, bidhaa ambayo katika soko la dunia mara nyingi huuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya mafuta ghafi yenyewe. Mfanyabiashara wa nazi anayeuza tui kwa bei ya chini kuliko nazi hahitaji mhasibu wa kumwambia mwisho wake. Kigamboni ilisimamisha usafishaji mwishoni mwa miaka ya 1990 ikageuzwa ghala la mafuta. Changamwe ikasimama mwaka 2013. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, kwani mitambo ilikuwa imezeeka na mitaji ilikuwa haba. Tunasema kwamba viwanda hivyo viliingia katika soko vikiwa vimekosa meno. Kiwanda cha Sohar nchini Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, kilipofunguliwa mwaka 2006 kilikuwa tangu siku ya kwanza na mtambo wa kuyavunja mabaki mazito. Mengi ya mafuta yanayofika bandari zetu leo hutoka katika viwanda vya Ghuba na vya India vyenye meno ya namna hiyo.

Sasa meno yenyewe ni nini?

Mwaka 1756, mtaalamu wa madini wa Sweden aitwaye Axel Cronstedt alikipasha moto kipande cha jiwe, akaona kinatoa povu na mvuke kana kwamba kinachemka. Akaliunganisha neno la Kigiriki la kuchemka na neno la jiwe, ikapatikana zeolaiti. Kilichokuwa kikichemka si jiwe, bali ni maji yaliyokaa ndani yake, kwa kuwa jiwe hilo limejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Kwa karibu miaka mia mbili elimu hiyo ilikaa makabatini mwa majumba ya makumbusho. Hata katika nchi yetu zeolaiti za asili zipo: mwanajiolojia wa Kimarekani, Richard Hay, alizichunguza katika miaka ya 1960 ndani ya matabaka ya Bonde la Olduvai, zilizotokana na majivu ya volkano na maji ya magadi. Tunalitaja hilo ili asije mtu akatuambia kwamba tunaikalia hazina. Zeolaiti za asili zina uchafu mwingi na vitundu vingi vyake havitoshi kuipokea molekuli ya mafuta. Zile za viwandani hutengenezwa na mikono ya watu, kwa silika, alumini, maji ya magadi, na moto wa kiasi.

Kabla ya zeolaiti kulikuwa na udongo. Mhandisi wa Kifaransa, Eugène Houdry, mpenzi wa mbio za magari aliyetaka petroli bora, aligundua kwamba mvuke wa mafuta mazito ukipitishwa juu ya udongo wa mfinyanzi uliotiwa asidi, molekuli ndefu hukatika zikawa fupi. Kwao hakupata msaada wa kutosha. Alikwenda Marekani, na mwaka 1937 kampuni ya Sun Oil ikaendesha mtambo wake mkubwa wa kwanza huko Marcus Hook, Pennsylvania. Mwaka 1942, huko Baton Rouge, Louisiana, likaja jambo la ajabu zaidi: kichocheo kilisagwa kikawa unga mwembamba, unga huo ukapulizwa kwa mvuke, ukatiririka mabombani kama maji. Mitambo ya leo bado inafuata njia hiyo.

Udongo ulifanya kazi, lakini ulikata ovyo, kama panga la mlevi. Katika kampuni ya Union Carbide, kuanzia mwaka 1949, Robert Milton alianza kutengeneza zeolaiti kwa wepesi na kwa wingi, na mwenziwe Donald Breck akaipata ile waliyoiita kwa herufi Y, ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya kazi hii. Kisha Charles Plank na Edward Rosinski, watafiti wa kampuni ya Mobil, wakatia zeolaiti ndani ya kichocheo cha kuvunja mafuta. Hataza yao ilitoka mwaka 1964. Inapendeza kukumbuka kwamba tatizo lao halikuwa udhaifu wa dawa, bali ukali wake. Zeolaiti tupu ilikuwa na nguvu mno, hata mitambo ya wakati ule isingeweza kuistahimili. Iliwabidi waichanganye na udongo wa kawaida, kama mpishi anavyoichanganya pilipili ndani ya achari, na mchanganyiko wa aina hiyo ndio unaotumika hata leo.

Tuitazame kwa karibu. Zeolaiti ni fuwele iliyojengwa kwa silikoni, alumini na oksijeni, kwa mpangilio usiokosea hata mara moja. Kila mahali ambapo alumini imekaa katika nafasi ya silikoni, hubaki upungufu wa chaji, na upungufu huo huzibwa na haidrojeni iliyoshikiliwa kwa ulegevu. Haidrojeni hiyo ndiyo asidi, na asidi hiyo ndiyo wembe. Gramu moja ya zeolaiti Y ina kuta za ndani zenye eneo la zaidi ya mita mraba 600. Ukichukua gramu kumi, ambazo ni kama vijiko viwili vya chai, kuta zake ukizitandaza zitakaribia uwanja wa mpira.

Anayeujua Mji Mkongwe wa Unguja ataifahamu zeolaiti bila ya hadubini. Kuna vichochoro vyembamba, na vichochoro hivyo hufunguka katika viwanja vidogo, kisha hujibana tena. Punda na mzigo wake atapita. Gari la ng'ombe halitapita. Kichochoro cha zeolaiti Y kina upana wa nanomita 0.74, na nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Molekuli inayoweza kupenya huingia, ikafika uwanjani, ikakutana na wembe, ikakatwa, na vipande vyake vikatoka vikiwa petroli. Jambo hili ndilo lililoutofautisha wembe na panga la mlevi: umbo la kichochoro lenyewe huchagua nani aingie na nini kitoke.

Kazi yote hiyo ni ya sekunde chache. Unga wa kichocheo, wenye joto la takriban nyuzi 700, hukutana na mafuta yaliyonyunyizwa, mafuta yakageuka mvuke papo hapo, na vyote viwili vikapanda bombani kwa kasi. Molekuli zinapokatika, sehemu ya kaboni hugandama juu ya kichocheo kama masizi ya chungu, na kichocheo kikapoteza nguvu. Hapo hupelekwa katika tanuri jingine, masizi yakachomwa, unga ukatakata na kupata moto, ukarudishwa kazini. Uchafu unaokiziba kichocheo ndio huo huo unaokuwa kuni zake. Mzunguko huo hauna usiku wala sikukuu. Katika mtambo mkubwa, makumi ya tani za unga hupita kila dakika.

Kwa kuwa maisha ya kichocheo ni ya moto namna hiyo, kukiboresha si anasa. Adui wa kwanza ni mvuke wa maji, ambao katika joto la tanuri huing'oa alumini kutoka kuta za fuwele hata nyumba nzima ikaporomoka. Dawa yake iligunduliwa katika miaka ya 1960 na Carl McDaniel na Philip Maher wa kampuni ya W. R. Grace, nayo ni dawa ya kinyume: waliipika zeolaiti kwa mvuke, kwa kipimo, kabla ya kuipeleka kazini. Alumini iliyokuwa dhaifu ikatoka mapema, kuta zikajipanga upya, na fuwele iliyobaki ikawa imara kuliko ile mbichi. Ilikuwa na wembe wachache zaidi, lakini ulio thabiti.

Adui wa pili anatuhusu sisi watu wa pwani. Ni chumvi. Sote tunaona inavyolila bati la paa na nondo ya zege. Mafuta ghafi hutoka ardhini yakiwa na maji ya chumvi, na sodiamu iliyomo ndani ya chumvi hiyo hukaa katika nafasi ya haidrojeni na kuuzima wembe, kisha husaidia kuzilainisha kuta zivunjike. Ndiyo maana kazi ya kwanza kabisa katika kiwanda chochote ni kuyaosha mafuta ghafi. Msimamizi mvivu katika hatua ya kuosha hugharimu zaidi kuliko mwizi langoni.

Adui wa tatu ni metali zilizomo ndani ya mafuta mazito yenyewe. Nikeli huigeuza kazi ya kukata ikawa kazi ya kutoa gesi na masizi, na vanadi hushirikiana na mvuke kuibomoa fuwele. Ndiyo maana kila siku sehemu ya kichocheo hutolewa na kipya kutiwa, na ndiyo maana kiwanda hununua kichocheo maisha yake yote, kama chombo kinavyonunua kamba na tanga.

Kuna zeolaiti nyingine ambayo haina budi kutajwa. Robert Argauer na George Landolt wa Mobil waliipatia hataza mwaka 1972, ikaitwa ZSM-5. Vichochoro vyake ni vyembamba zaidi, takriban nanomita 0.55, hata molekuli zilizonyooka tu ndizo zinazopenya kwa urahisi, na zile zenye matawi hubaki nje. Zilizonyooka ndizo zinazoharibu petroli kwa kuifanya injini igonge. ZSM-5 huziingiza, huzikata, na petroli iliyobaki huwa bora. Kwa miongo mingi dunia iliuzuia mgongo huo wa injini kwa njia fupi na ovu, kwa kutia risasi ndani ya petroli, na watoto wakaivuta risasi hiyo katika vumbi la barabarani, ikawadhuru akili. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, mwezi Juni mwaka 2001, kuiondoa. Ilipofika mwanzo wa mwaka 2006 eneo hilo lilikuwa limeiacha, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha kwa magari ya barabarani, mwezi Julai mwaka 2021. Isingewezekana kuiondoa risasi kama viwanda visingekuwa na njia nyingine za kuipa petroli nguvu, na vichocheo vilikuwa njia hiyo. Haya ni mambo ya afya ya watoto wetu kabla ya kuwa mambo ya wahandisi.

Turudi vichochoroni. Wembamba uliokuwa sifa ya zeolaiti ndio pia ila yake. Molekuli kubwa za mafuta mazito hazipenyi, na hata zilizopenya huchelewa kutoka. Na kinachochelewa ndani hukatwa tena na tena hata kikawa gesi, au kikagandama kuwa masizi. Ni sawa na msongamano wa asubuhi ya sikukuu Darajani, ambapo aliyekwisha kununua hawezi kutoka na anayetaka kununua hawezi kuingia. Kwa miaka mingi wataalamu walijaribu kutafuta zeolaiti yenye milango mipana, na nyingi walizozipata zilikuwa ghali mno au dhaifu mbele ya mvuke.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mhispania Javier García-Martínez, akiwa mtafiti katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliliendea tatizo kwa mlango mwingine. Hakutafuta fuwele mpya. Aliichukua Y ile ile ya zamani, akaitia katika maji yenye magadi kidogo pamoja na dawa ya jamii ya sabuni. Magadi hulegeza viungo vya fuwele, sabuni hujikusanya ndani yake kama mapovu, na fuwele hujipanga upya kuyazunguka. Sabuni ikichomwa, hubaki barabara zenye upana wa takriban nanomita 4, yaani zaidi ya mara tano ya kichochoro cha asili, na vichochoro vyenyewe bado vipo pembeni mwake. Mzigo mkubwa hupita barabarani, kazi ya kukata hufanyika uchochoroni, na vipande hutoka upesi. Mwaka 2006 aliunda kampuni, Rive, ya kuipeleka elimu hiyo viwandani, na mwaka 2019 kampuni ya Grace ikainunua.

Wanaushirika watapenda kujua kichocheo hicho kilijaribiwa wapi. Katika viwanda vya mwanzo vilivyokubali kukiingiza ndani ya mtambo wao kilikuwamo cha CountryMark, huko Mount Vernon, Indiana, kiwanda cha wastani kilichokuwa mali ya vyama vya ushirika vya wakulima, waliokihitaji kwa dizeli ya matrekta yao. Wakulima wa mahindi waliithubutu dawa mpya wakati ambapo kampuni kubwa bado zilikuwa zinapima. Hatuoni ajabu. Mwenye mali kidogo hulihesabu kila tone.

Tukishasifu, hatuna budi pia kutahadharisha, na mfano mzuri wa tahadhari ni wa visiwa wenzetu, ingawa ni vikubwa mno kuliko vyetu. New Zealand ilichapwa na bei za mafuta za mwaka 1973 na za mwaka 1979. Haikuwa na mafuta ya kutosha, bali ilikuwa na gesi baharini, katika eneo la Maui. Serikali yake ikaamua kuitumia ZSM-5 kwa kazi nyingine: gesi ikageuzwa methanoli, na methanoli ikapitishwa ndani ya vichochoro vya ZSM-5 ikatoka petroli. Kiwanda cha Motunui kilianza kazi mwaka 1985, na uwezo wake ulikuwa takriban theluthi moja ya petroli iliyohitajiwa na nchi nzima. Kikemia lilikuwa jambo lililofana kabisa. Lakini mwaka 1986 bei ya mafuta duniani ikaanguka, na petroli ile ikawa ghali kuliko ya kununua. Katika miaka ya 1990 kiwanda kiliacha kutengeneza petroli, kikawa kinauza methanoli yenyewe. Sisi ambao gesi yetu ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, na ambao tumesikia habari za gesi nyingine nyingi katika kina kirefu cha bahari, yatupasa kuijua hadithi ya Motunui kwa pande zake zote mbili. Kichocheo kilitimiza ahadi yake. Aliyevunja ahadi ni soko.

Mwaka 2010 China ilipopunguza mauzo ya nje ya madini adimu, nayo ndiyo iliyokuwa ikitoa karibu yote duniani, bei ya lanthanamu ikapaa hata kufikia kilele mwaka 2011. Lanthanamu hutiwa ndani ya zeolaiti Y ili kuziimarisha kuta zake. Watengenezaji walilazimika kutafuta, kwa haraka, vichocheo vinavyotumia lanthanamu kidogo au visivyoitumia kabisa, na walivipata. Wenye viwanda waliokuwa na maabara yao waliweza kuvipima na kuchagua; wasiokuwa nayo walilipa kilichoandikwa kwenye ankara.

Wapo vijana watakaotuambia kwamba magari ya umeme yanakuja na kwamba habari hizi ni za wazee. Yanakuja, nasi tunayakaribisha. Lakini mitambo hii ya kuvunja mafuta imekwisha kugeuzwa nusu ya uso kuelekea kwenye propilini, malighafi ya ndoo, mikeka na magunia ya plastiki, na ZSM-5 ndiyo inayoongezwa ili kuipata kwa wingi. Zeolaiti nyingine husafisha moshi wa malori ya dizeli. Nyingine hukaa ndani ya mashine za oksijeni za hospitali, ikiizuia naitrojeni ya hewa na kuiachia oksijeni iende kwa mgonjwa. Nayo, kama nduguye wa kiwandani, huuawa na unyevu, na hewa ya visiwa vyetu ina unyevu mwaka mzima. Fundi wa hospitali anayejua hivyo atakitazama kikaushio cha mashine yake kila asubuhi.

Hii ndiyo maana tunasema kwamba somo la kemia katika skuli zetu si pambo la ratiba. Skuli yenye maabara isiyokuwa na maji wala dawa haifundishi kemia, inafundisha kukariri, na kukariri tunakujua vizuri sote tuliopitia chuoni: kunafaa kwa mahali pake, lakini hakupimi unyevu wala hakuoshi chumvi. Idara zinazohusika zingefanya vyema kuwachagua sasa vijana wachache, wa kike na wa kiume, wakasomeshwe uhandisi wa vichocheo hasa, si "mafuta na gesi" kwa jumla, na wakirudi wapewe kazi inayolingana na walichokisomea. Hawatakosa kazi hata kama kisima cha mafuta hakitapatikana kamwe katika maji yetu. Ng'ambo ya Pemba, Tanga, ndiko Chongoleani, mahali palipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda. Na Uganda yenyewe imepanga kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku. Ujirani huo utahitaji watu.

Na yule mgeni mwenye mchoro atakapokuja, kwanza akaribishwe, apewe kahawa na halua. Kisha aulizwe: katika kila pipa, ni lita ngapi zitakazotoka chini kabisa ya mnara, na zitauzwa kwa nani? Kuna mtambo wa kuyavunja mazito, au umeahirishwa hadi "awamu ya pili"? Mafuta ghafi yatakayotumika yana vanadi na nikeli kiasi gani? Nani ataosha chumvi, na kwa maji ya wapi, katika kisiwa ambacho maji matamu yenyewe ni ya kugombaniwa? Kichocheo kilichotumika kitatupwa wapi? Na kichocheo kipya, ambacho duniani hutengenezwa na kampuni chache tu za Marekani, Ulaya na China, kitanunuliwa kwa mkataba wa miaka mingapi, na ni nani upande wetu atakayekipima siku gunia la kwanza litakapofunguliwa?